Sikuona Mtu

Juma hili kuna msomaji amenipigia simu, mwanamume mwenye sauti nzito, akaniuliza kama mimi ni mjinga au najifanya. "Salamu moja tu ndiyo imekuingiza kwenye matatizo yote hayo?" Ndiyo, kaka yangu. Salamu moja tu. Na ulikuwa bado hujasikia ya leo.

Kwa ambaye gazeti la juma lililopita limeshafungiwa sabuni dukani, mambo yako hivi. Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu ni fundi friji. Wote wawili tumezaliwa na kukulia ndani ya Jamaa, na Jamaa ina sheria moja iliyo juu ya sheria zote: aliyetoka hayupo. Mtu akituacha, tunamfungia mlango. Kuanzia siku hiyo hasalimiwi, haitikiwi wala hatazamwi. Ukipishana naye njiani, umepishana na upepo.

Dada yangu mkubwa alitoka zamani, binti yangu Kinanda akiwa bado na meno ya utoto. Tangu hapo sikuwahi kumtia machoni. Sasa siku ile nimeinama kwenye duka la vifaa vya ushonaji, nachagua uzi mweupe, nikasikia mtu anaulizia zipu. Nikainua uso. Kabla akili haijafika, mdomo ukawa umeshasema, "Shikamoo dada."

Ndivyo tulivyolelewa na mama yetu. Mkubwa humpiti bila kumwamkia, hata kama mmegombana, hata kama amekunyang'anya tonge. Adabu ya mama ikaitangulia sheria ya wazee. Dada akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu," machozi yakamlengalenga palepale mbele ya muuzaji. Na nyuma yangu, kwenye foleni, alikuwa amesimama wifi.

Wifi yangu huyu, dada wa mume wangu, hajawahi kukalia habari hata siku moja. Kufika jioni Jamaa nzima inajua, na mimi nimeitwa kikaoni.

Jamaa si watu wakatili, watakwambia wenyewe. Kosa kama langu lina dawa yake. Unasimama mbele ya watu wote, Mzee wa Mlango anakuuliza ulimwona nani, nawe unajibu, "Sikuona mtu." Basi. Mnaimba, mnakwenda nyumbani, kila kitu kinasahauliwa. Ukikataa kusema, unafungiwa mlango wewe.

"Ni maneno mawili tu," mume wangu aliniambia asubuhi ya kikao. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji ya jirani, bisibisi mkononi.

"Yaseme wewe basi."

"Mimi sikumwamkia mtu dukani."

"Angekuwa dada yako?"

Akaikaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazika. Namjua. Mtu huyu akitaka kukwepa neno, ataikaza skrubu mpaka izunguke bure.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia kitu ambacho nilikuwa nimekimeza muda mrefu, na nilianzia kwenye vifungo, kwa sababu hata imani yangu ilianza kuchanika hapo.

"Mwaka juzi mlisema vifungo vya magauni vifunikwe kwa kitambaa, eti kifungo kinachong'aa ni majivuno. Nikafunika vifungo vya Jamaa nzima, vidole vikaota sugu. Mwaka jana mkasema kifungo kilichofunikwa ndicho majivuno. Nikafunua. Nikamwuliza Mzee, Mungu alibadili mawazo lini? Akaniambia swali ni ufa, upepo unapitia humo. Baba Kinanda, mimi siamini tena kama mambo haya yanatoka kwa Mungu. Nadhani yanatoka kwa wazee wasiojua hata kutunga uzi."

Nikasubiri anifokee. Mume wangu hukaa kwenye benchi la wazee wasaidizi. Alikuwa na haki ya kunifokea, hata kunipeleka kwa Mzee.

Badala yake akachomeka friji kwenye umeme. Ikaanza kuunguruma. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya grisi.

"Punguza sauti," akasema. "Mimi niliacha kuamini tangu waliponikataza kwenda kumzika baba, eti alishatoka."

Nikaanza kuhesabu miaka.

"Baba yako alipofariki Kinanda alikuwa anatambaa."

"Najua."

"Na sala ya alfajiri je? Kila siku ya Mungu unanitikisa bega, mama Kinanda amka, mama Kinanda amka."

"Nilikuwa nakuamsha kwa sababu wewe unaamini. Niliona ukiikosa utaumia."

"Mimi nilikuwa naamka kwa sababu wewe unaniamsha."

Tukatazamana. Watu wengine hapo wangecheka mpaka wakae chini. Mimi nilitaka kumchoma na ile bisibisi. Mtu nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, baridi na mvua tunapiga magoti sakafuni kila mmoja akimstahi mwenzake, kumbe chumba kizima hakina mwenye shida na sala ile.

"Basi tuondoke," nikasema. "Leo hii. Mimi, wewe na Kinanda."

"Kinanda haendi popote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Kinanda anaamini."

Binti yetu tulimbandika jina hilo kwa sauti yake. Ndiye anayeanzisha nyimbo zote kwenye mkusanyiko, na akiimba hata wazee wenye kikohozi hukiweka pembeni. Mwezi ujao alikuwa ale kiapo cha watu wazima. Aliyeapa hamwamkii aliyetoka, hata kama aliyetoka ndiye aliyemzaa. Kinanda hajui mzaha na kiapo. Akisema hatanisalimia, hatanisalimia mpaka nife.

"Na nani kamfundisha kuamini hivyo?" nikauliza.

Mume wangu akachomoa friji. Kimya kikarudi.

"Sisi," akasema.

Nikatoka nikaenda kunawa uso. Nilikuwa nimeshakata shauri. Nitasema sikuona mtu, nitaimba, nitarudi nyumbani kumalizia gauni la kiapo la binti yangu. Nitaendelea kuamshwa alfajiri na mtu asiyeamini ili tusimpoteze mtoto. Kuna wanawake wamemeza makubwa zaidi ya hayo.

Ukumbi wetu ni benchi, kuta nyeupe na mlango mmoja. Wanawake kushoto, wanaume kulia, waimbaji mbele wakiwatazama watu. Kinanda alikuwa katikati yao, kitambaa cha kichwani kimembana mpaka nyusi zimepanda. Hakunitazama.

Mzee wa Mlango alinyanyuka kwa kushikilia benchi. Laiti angekuwa mkali, ningemchukia kwa raha zangu. Lakini ndiye aliyenifundisha kusoma, na nilipojifungua Kinanda kwa shida alikesha nje ya chumba mpaka mtoto alipolia.

Akamwita wifi kwanza.

"Ulisikia nini dukani?"

"Nilimsikia wifi yangu anasema shikamoo," wifi akajibu, mikono kifuani, sauti ya upole wa kununua.

"Alikuwa anamwamkia nani?"

"Hapakuwa na mtu, Mzee."

"Na ikaitikiwa?"

Wifi akababaika. "Ikaitikiwa, ndiyo."

"Na nani?"

"Na… hapakuwa na mtu."

Upande wa wanaume mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mzee hakutabasamu. Akanigeukia mimi, akaniinamia kama zamani akinisahihishia herufi.

"Mwanangu, hatutaki kukupoteza. Tuambie tu. Ulimwona nani?"

Nikasimama. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa vizuri, na kweli nilikuwa nataka kuyasema. Kosa langu ni kwamba nilitupa jicho upande wa wazee wasaidizi.

Mume wangu alikuwa ananitamkia kwa midomo. Si-ku-o-na. M-tu. Polepole, nyusi juu, kama anayemsaidia mtoto kwenye mtihani. Yule ambaye hakuamini hata neno moja la mle ndani, aliyenyimwa kumzika baba yake, ndiye alikuwa ananifundisha jinsi ya kumfuta dada yangu. Kichwa kikaniwaka moto.

"Nilimwona dada yangu," nikasema.

Ningeweza kuishia hapo, na pengine Mzee angejifanya hakusikia, akaniuliza upya. Lakini mimi nikishaanza kuchana kitambaa sijui kusimama katikati.

"Amenenepa kidogo. Amekata nywele, zimempendeza. Alikuwa anataka zipu ya bluu, muuzaji akampa nyeusi, wakajibizana mpaka akapewa ya bluu. Bado ana ule ubishi wake. Anawasalimu wote."

Hakuwa amewasalimu. Hapo nilitia chumvi.

Mzee akafumba macho. Kisha akainua mkono, na watu wote wakasimama.

Ambao hamjaona mtu akifungiwa mlango, inakuwa hivi. Hakuna anayekugusa wala kukutukana. Wanageuka tu wote kutazama ukuta, na unatembea kati ya migongo mpaka nje, huku wimbo unaimbwa. Mlango ukifungwa nyuma yako, wimbo unakatika.

Wifi aligeuka wa kwanza, haraka kama anayegombea kiti. Mume wangu aligeuka wa mwisho. Lakini aligeuka. Niliuangalia mgongo ule, na shati nililomshonea mwenyewe, na kola ambayo upande mmoja imekaa vibaya kwa sababu hawezi kusimama wima ukimpima.

Kinanda akaanzisha wimbo. Sauti yake haikutetereka hata kidogo. Nilitembea taratibu nikitega sikio, natafuta japo sehemu moja sauti ikwame, japo apaliwe na mate. Hakukwama. Mlango ukafungwa.

Niseme ukweli, sikulia njiani. Nilikuwa nimekasirika mno. Nilikuwa namgombeza mume wangu peke yangu barabarani mpaka watu wananipisha.

Nyumba tunayokaa ni ya Jamaa, na aliyefungiwa hulala kwingine siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilipofika nilianza kukusanya vya kwangu: mkasi mkubwa, utepe wa kupimia, chaki, kopo la pini. Nikafungua skrubu za cherehani ili nikitoe kichwa chake kwenye meza. Gauni la kiapo la Kinanda lilikuwa bado limening'inia mlangoni, jeupe, limekamilika kila kitu isipokuwa pindo la chini. Nililipita mara nyingi bila kuligusa.

Ndipo nikasikia mbio uani, na Kinanda akaingia akihema.

Nikadhani amekuja kwangu. Nikafungua mikono, mjinga mimi.

"Mama, nimemwomba Mzee niape leo," akasema, akabaki palepale kizingitini.

Mikono ikashuka yenyewe.

"Leo? Si ilikuwa mwezi ujao?"

"Nikingoja mwezi ujao nitashindwa."

"Utashindwa nini?"

Akaangalia gauni.

"Halina pindo," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja. Mzee kasema mpaka niape bado naruhusiwa kuongea na wewe. Kwa ajili ya gauni tu."

Kwenye Jamaa nzima fundi ni mimi mmoja. Nimewashonea wote, wakubwa kwa wadogo, na hawana mwingine anayejua pindo la kiapo linavyokunjwa. Walinifungia mlango kabla hawajakumbuka hilo. Ningeweza kukataa. Ningesema, nendeni mkamwapishe na uzi unaning'inia, mimi sipo, mmenifuta wenyewe. Nilitamani kusema hivyo.

"Vaa," nikasema. "Panda kwenye stuli."

Akavaa, akapanda. Nikapiga magoti, utepe shingoni, nikaweka pini mdomoni kama kawaida yangu. Nikaanza kupandisha kitambaa usawa wa kifundo cha mguu, nachoma pini, namwambia kwa ishara ya kidole ageuke kidogo, nachoma nyingine.

Pindo kama lile ni kazi ndogo kabisa. Nikamaliza mzunguko mzima, nikazitoa pini zote, nikaanza upya.

"Mama, hapo umeshapima."

Nikatoa pini mdomoni. "Limekwenda upande."

"Halijaenda."

"Nani fundi hapa?"

Nikapima tena. Alijua ninachofanya. Angeweza kushuka kwenye ile stuli wakati wowote, lakini hakushuka.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Kubwa kuliko yote ni kwamba baba yake haamini, kwamba mgongo ule aliouona umegeuka ulikuwa wa uongo. Nilifika mahali nikamtaja, "Baba yako," kisha nikaishia hapo, maana kama ni kweli basi mtoto huyu amedanganywa na sisi wawili tangu alipojua kupiga magoti, na anakwenda kuapa kwa ajili ya kitu tulichokuwa tunakiigiza.

"Baba amefanyaje?"

"Baba yako kola yake imekaa vibaya. Umkumbushe ailete…" Nikakumbuka. Hakuna pa kuileta tena.

Kisha nikasema jambo lililokuwa linaniuma kuliko yote, na nililisema kwa uchungu wazi.

"Uliimba vizuri sana leo."

"Niliruka ubeti mzima," Kinanda akasema.

Nikamwangalia kutoka kule chini.

"Ubeti wa tatu, ule mrefu. Koo lilinikauka nikaingia wa nne. Waimbaji wakanifuata tu. Na wewe hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa natafuta sauti ikwame, sikuwa nasikiliza maneno.

Gauni lilikuwa limebakiza pini chache mbele, na safari hii sikuwa na kisingizio cha kuzitoa. Nikaziweka mdomoni. Nikamwonyesha kwa kidole ageuke. Hakugeuka.

"Mama."

"Mm."

"Kweli amenenepa?"

Sikutaka kumtisha. Nikatikisa kichwa kumwuliza, nani?

Alitazama dirishani kwanza, kisha mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, yeye anayejaza ukumbi.

"Mama mkubwa."

Jina hilo halijatajwa ndani ya nyumba ile tangu alipokuwa na meno ya utoto. Nilinyanyua mkono nizitoe pini nimjibu. Nilitaka kumwambia yote, nywele, zipu, ubishi, na kwamba dada aliniuliza habari zake yeye, Kinanda, ameshakuwa na kimo gani. Hilo hata kikaoni sikulisema.

Hodi haikupigwa. Mlango ulisukumwa tu, na wifi akasimama pale na kiatu chake cha kikao, anatoka jasho.

Alituona. Nataka mlielewe hilo, msomaji wa sauti nzito na wengine wote. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha na mimi nilikuwa katikati ya chumba, magotini, nimeshika ncha ya gauni kwa mikono miwili. Macho yake yalinipita juu ya kichwa kama ninyi mnavyopita mbele ya ukuta, yakaenda kutua kwa Kinanda.

"Mwanangu, wazee wameshakaa, wanakungoja wewe," akasema, kwa ule upole wake. "Gauni liko tayari?"

"Bado kidogo, shangazi."

"Si neno. Litamaliziwa hukohuko." Akavuta mlango wazi zaidi, akanyoosha mkono amsaidie kushuka. Kisha akatabasamu, akauliza kama mtu anayeuliza saa. "Uko na nani humu ndani?"

Kinanda hakuupokea mkono ule. Mimi mdomo umejaa pini, siwezi kutamka hata herufi. Juu yangu nikamwona anavuta pumzi ndefu, ile anayovuta kabla ya kuanzisha wimbo.